Puto la hewa moto halipasuki kama la watoto

Wengi wanaogopa kupanda puto la hewa moto wakiamini kwamba ndege akilidonoa litapasuka na kuanguka kama jiwe. Hofu hiyo naielewa, lakini imeelekezwa pasipo hatari.

Puto hili halijafungwa. Chini lina mdomo mpana ulio wazi, kwa hiyo hewa ya ndani haijabanwa. Ni ya moto tu, ndiyo maana ni nyepesi. Tundu dogo huvujisha hewa polepole, na rubani huifidia kwa kuongeza moto. Isitoshe, ili ashuke, rubani mwenyewe huvuta kamba na kufungua tundu kubwa juu kabisa ya puto.

Kinachoua zaidi ni nyaya za umeme. Mwaka 2012, karibu na Carterton, New Zealand, puto liligusa nyaya, likawaka, wakafa watu 11. Mwaka 2016 huko Lockhart, Texas, walikufa 16 kwa nyaya vilevile. Wachunguzi walilaumu uamuzi wa rubani kuruka penye ukungu na mawingu, tena akiwa anatumia dawa zinazodhoofisha umakini. Luxor, Misri, mwaka 2013, ulikuwa moto wa gesi wakati wa kutua: 19 walikufa.

Majeraha mengi hutokea kikapu kinapogonga ardhi penye upepo. Kwa hiyo ukipanda Serengeti au Maasai Mara, sikiliza kwa makini maelekezo ya kukaa wakati wa kutua. Na rubani akiahirisha safari kwa sababu ya upepo, mshukuru.