Karanga za Nachingwea na neno uliloandika kwenye katalogi

Alifika kaunta ya maktaba ninayofanyia kazi mchana, mwanafunzi wa uzamili, begi mgongoni. "Shikamoo mama. Maktaba haina kitu kabisa kuhusu mada yangu."

"Marahaba mwanangu. Mada gani?"

Mpango wa kulima karanga wa serikali ya Uingereza, ule ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa, ukafika Urambo na Nachingwea, kisha ukaachwa mwaka 1951. Nikamwomba anionyeshe alichotafuta. Alikuwa ameandika "Tanzania groundnut scheme Nachingwea history". Katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba kwenye kompyuta, ikamrudishia sufuri.

Kila msimu wa kuandika mapendekezo ya utafiti nasikia sentensi hiyo, na inaniuma, kwa sababu mara nyingi vitabu vipo. Tatizo huwa liko kwenye maneno ya kutafutia.

Tuyapitie aliyoandika. Jina Tanzania lilikuja mwaka 1964, kwa hiyo ripoti ya mwaka 1949 itasema Tanganyika. Ukirudi nyuma ya Vita Kuu ya Kwanza utakuta "German East Africa", na kwa Kijerumani "Deutsch-Ostafrika". Neno "groundnut" ndilo walilotumia Waingereza, lakini vitabu hupangiwa mada kwa orodha rasmi ya maneno. Maktaba nyingi za vyuo vikuu hufuata ile ya Library of Congress ya Marekani, na humo karanga ni "Peanuts". Nachingwea nayo mara chache hutokea kwenye jina la kitabu, imo ndani ya sura. Katalogi husoma jina la kitabu, mwandishi na mada zake. Kurasa za ndani haizisomi, na hapo ndipo waliozoea Google hukwama.

Tukafuta yote, tukaandika "Tanganyika" na "peanuts". Kisha kwenye kisanduku cha mwandishi nikamwambia aandike "Overseas Food Corporation", shirika lililokabidhiwa mpango ule. Ripoti za serikali na mashirika huorodheshwa hivyo, taasisi ikiwa ndiyo mwandishi, na wanafunzi wengi hawajawahi kuambiwa. Kitabu cha kwanza kilipotokea, tukafungua rekodi yake nzima tukabonyeza mada zilizoandikwa chini yake. Zile mada ndizo mlango. Kila moja inakupeleka kwa ndugu za kitabu hicho, hata wale ambao usingewawazia.

Kwenye rafu, tazama vitabu vya kushoto na kulia kwa utulivu, lakini usiishie hapo. Kwa alama za rafu za Library of Congress, kilimo cha karanga kiko SB351, uchumi wa kilimo uko HD, historia ya Tanzania iko kwenye DT. Mpango mmoja, sehemu tatu, pengine ghorofa tatu.

Kitabu ukikishika, anzia nyuma. Yeye alifungua faharasa, akateremsha kidole hadi herufi N, na Nachingwea ilikuwepo na kurasa zake. Tanbihi za kurasa hizo zilikuwa na thamani kuliko siku nzima ya kutafuta, maana mwandishi aliyetangulia ameshakuchimbia. Mojawapo ilitaja Tanganyika Notes and Records, jarida lililoanza mwaka 1936 na baadaye likaitwa Tanzania Notes and Records. Litafute kwa majina yote mawili.

Ukifanya historia au mila, usiache kwenda East Africana, kitengo cha maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Huko ndiko ziliko nyaraka za Hans Cory, aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni na aliyeandika sana kuhusu sheria za kimila. Makusanyo ya namna hii kwa kawaida hayaazimwi, unasomea palepale. Chukua barua ya utambulisho na penseli, kwa sababu sehemu nyingi zenye nyaraka za zamani kalamu ya wino hairuhusiwi.

Kuhusu makala za mtandaoni nina neno moja tu: usilipe kabla hujamuuliza mkutubi. Vyuo vingi vyetu vina haki ya kusoma kupitia Research4Life, mpango wa kimataifa wa kusoma majarida ya kitaaluma, ambamo kuna Hinari kwa afya na AGORA kwa kilimo, ila watafiti wengi hawajui nywila iko wapi. Iko kwetu, na tunafurahi kuulizwa.

Na tafadhali uwe na daftari la utafutaji. Andika tarehe, neno ulilotumia, ulikotafuta na ulichopata, hata kama ni sufuri, ili mwezi ujao usirudie njia ileile. Ukinukuu, andika namba ya ukurasa papo hapo. Nilipokuwa naandika tasnifu yangu ya uzamili nilinakili aya nzuri mno bila ukurasa. Nilitumia wiki mbili kuitafuta, sikuipata, nikaifuta.

Mwanafunzi wa karanga nilimpa karatasi yenye safu hizo nne. Aliianza palepale kaunta, na mstari wa kwanza akaandika lile tafuto lake la sufuri.