Wimbo wa Dansi Hukomaa Ukumbini: Namna ya Kuisikiliza Bendi ya Jazi

Kazi yangu ni kusimamia mitambo ya sauti katika maonyesho ya bendi, na swali ninaloulizwa mara nyingi na vijana wanaoanza kuhudhuria dansi ni kwa nini wimbo walioufahamu kupitia redio huwa tofauti kabisa wanapoukuta jukwaani. Baadhi yao hudhani kwamba bendi imeusahau wimbo wake, au kwamba wanamuziki wamezeeka na uwezo umepungua. Ukweli ni kinyume cha hayo. Katika muziki wa dansi wa Tanzania, wimbo wenyewe ni ule unaopigwa mbele ya watu. Kilichohifadhiwa kwenye kanda ni kumbukumbu ya siku moja tu katika maisha marefu ya wimbo huo.

Sababu zake zimo katika historia ya bendi zenyewe. Dar es Salaam Jazz iliyoanza mwaka 1932, Morogoro Jazz ya mwaka 1944, pamoja na Tabora Jazz, Western Jazz na Kilwa Jazz zilizofuata, zote zilikulia katika mazingira ya vilabu vya dansi vya mijini, na vilabu hivyo vilirithi mengi kutoka beni, ngoma ya pwani iliyoiga bendi za kijeshi kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 na kuigawa miji katika kambi za ushindani kama Marini na Arinoti. Katika beni watu walikuwa wanachama, wakiwa na vyeo, michango na wajibu wa kusaidiana katika misiba na maradhi, na kila mmoja alicheza. Kutoka jazi ya Marekani bendi zetu zilichukua jina, saksafoni, tarumbeta na uhuru wa mpigaji kubuni papo kwa papo. Mapigo na mpangilio wa nyimbo ulitoka zaidi Kuba, kupitia sahani za santuri zilizosambaa Afrika katika miaka ya 1930 na 1940. Kwa hiyo anayekwenda kusikiliza bendi ya jazi ya Tanzania akitarajia muziki wa New Orleans atakutana na rumba, lakini atakutana pia na desturi ya ngoma inayomtaka ashiriki.

Sababu nyingine ni ya kiuchumi, nami naona ndiyo yenye uzito zaidi. Nyimbo nyingi tunazozienzi leo zilirekodiwa katika studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam, mashairi yakikaguliwa kabla, kisha zikarushwa hewani. Waliotaka sahani walitegemea kampuni za Nairobi. Redio iliipa bendi jina, lakini riziki ilitoka mlangoni, kwenye kiingilio cha ukumbi. Baada ya uhuru, mashirika na taasisi za umma ziliunda bendi zao: chama cha wafanyakazi kilianzisha NUTA Jazz mwaka 1964, na baadaye zikawapo bendi za polisi, za jeshi, za kiwanda cha nguo cha Urafiki, za shirika la usafiri la UDA na nyinginezo. Mwanamuziki aliajiriwa na kulipwa mshahara, lakini gita, vikuza sauti na ngoma vilikuwa mali ya taasisi. Alipohama, aliondoka na sauti yake, vidole vyake na namna yake ya kutunga tu. Mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo, kwa mfano, alitoka katika bendi ya NUTA akaenda bendi ya Mlimani Park ilipoanzishwa mwaka 1978, akahamia Orchestra Safari Sound mwaka 1985, na baadaye akarudi katika bendi ile ya wafanyakazi, wakati ikijulikana zaidi kwa jina la Msondo. Kila uhamisho wa namna hiyo ulibeba ladha ya ukumbi mmoja kuipeleka katika ukumbi mwingine, na mashabiki walifuata.

Katika hali hiyo bendi haikuwa na sababu ya kuutunga wimbo ukakamilika kabla ya kuufikisha kwa watu. Mtunzi huleta shairi na sauti yake ya msingi mazoezini, wapiga magita hutafuta nafasi zao, wapulizaji hupanga vipande vyao, kisha wimbo hupelekwa ukumbini ungali mbichi. Huko ndiko hujulikana iwapo ubeti wa pili unachosha, iwapo kiitikio kinashikika, na iwapo wachezaji wanainuka pale bendi ilipokusudia wainuke. Shabiki mwaminifu husikia wimbo ukibadilika wiki baada ya wiki, na mara nyingi yeye mwenyewe huchangia mabadiliko hayo bila kutia neno, kwa kucheza tu au kubaki ameketi.

Ili uyasikie haya, elekeza sikio katikati ya wimbo. Sehemu ya kwanza ni ya mashairi: waimbaji watatu au wanne wamesimama mbele, mmoja anaongoza beti na wengine wanaitikia. Gita la rithim linapita polepole kwenye nyuzi za kati, gita la solo linajibu mwishoni mwa kila mstari, na besi, tofauti na ilivyo katika jazi ya Marekani ambako mara nyingi hutembea katika kila pigo, huacha mapengo ya makusudi ambayo tumba, ngoma ndefu zinazopigwa kwa viganja, huyajaza. Mpiga ngoma hugonga ukingo wa ngoma ndogo kwa kijiti, asije akayafunika maneno. Kisha inafika ishara: mpiga solo hurudia kipande kifupi, au kiongozi hutupa jicho nyuma, na mara moja ngoma huhamia kwenye matoazi, rithim hufupisha mzunguko wake, gita la pili la solo huanza kuingia kwenye mianya ya lile la kwanza kama wasukaji wawili wa mkeka mmoja, na wapulizaji wa tarumbeta na midomo ya bata, yaani saksafoni, husogelea vipaza sauti. Hii ndiyo sehemu ya kuchemka, na urefu wake haujaandikwa popote. Kiongozi hutazama uwanja wa kuchezea: umejaa, anaongeza mizunguko, umepwaya, anawapa ishara wapulizaji wafunge. Wimbo uliobanwa katika dakika chache za studio unaweza kuvuka dakika 10 ukumbini bila mtu kuchoka.

Waimbaji nao hawakai kimya katika sehemu hiyo. Shabiki hupanda jukwaani kumtunza mwimbaji au mpiga gita, akimpachika noti kwenye paji la uso au mfukoni, na mwimbaji hulitia jina lake ndani ya wimbo kwa kulipatanisha na mapigo. Wapo wanaoona kwamba jambo hilo huvuruga muziki. Mimi silioni hivyo, kwa kuwa mashairi ya dansi yenyewe hujengwa kwa mafumbo juu ya ndoa, ujirani, ulevi na fedha, na mafumbo hayo hutimia pale mtu aliyeketi ukumbini anapojiona ndani yake na kuinuka kukiri hadharani kwamba ujumbe umemfikia.

Kwa upande wa mitambo, kosa ninaloliona mara nyingi ni kuliinua gita la solo juu ya vyombo vingine vyote, kwa kudhani kwamba ndilo lenye wimbo. Magita matatu ya dansi hufanya kazi karibu katika eneo moja la sauti, na utamu wake hutokana na kusikika yote kwa pamoja. Kwa hiyo mimi hupunguza uzito wa rithim ili isigongane na besi, huliacha solo likae juu kwa wembamba wake wa asili, na hulilinda gita la pili kuliko yote, kwa kuwa ndilo la kwanza kupotea. Ukumbi wa kuta za zege na paa la bati hurudisha mwangwi mkali unapokuwa mtupu. Watu wakijaa, miili na nguo zao hunyonya sauti nyembamba, na mpangilio uliofaa jioni huwa umefifia usiku wa manane. Fundi anayepanga mitambo kabla watu hawajaingia kisha akaenda kupumzika hajaifanya kazi yake. Msikilizaji naye asisimame mbele kabisa ya spika: akirudi nyuma, mahali ambapo spika za pande zote mbili humfikia kwa usawa, ataweza kuyatenganisha magita.

Nafurahi kwamba tamasha la Sauti za Busara huko Zanzibar, lililoanza mwaka 2004, husimamia sharti la kupiga muziki mubashara bila kuigiza juu ya kanda. Katika kumbi za kawaida hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa kuwalipa watu 12 au 15 ni gharama kubwa, na wa kwanza kupunguzwa huwa wapulizaji, ambao nafasi yao hupewa kinanda. Ninaelewa hesabu hiyo, lakini sikubaliani nayo. Marehemu Michael Enock, aliyetoka Dar es Salaam Jazz na kuiongoza Mlimani Park, alijenga vipande vya wapulizaji vyenye mistari yake kamili inayojibizana na waimbaji, na mistari hiyo hupigwa na watu wanaovuta pumzi kwa pamoja, wakichelewa kidogo nyuma ya pigo pale uwanja unapocheza kwa utulivu na kulisukuma pale uwanja unapochangamka. Kinanda kinaweza kutoa noti zilezile, lakini mkono mmoja hauwezi kutoa mabishano madogo ya tarumbeta mbili na mdomo wa bata mmoja. Bendi ikilazimika kupunguza watu, ni heri ipunguze wacheza shoo.