Pleyi ya usukani kwenye trekta dogo la bustani

Pleyi ni ule mzunguko wa bure: unageuza usukani, lakini magurudumu ya mbele bado hayajaitika. Pleyi kidogo ni ya kawaida hata kwa trekta jipya. Ikizidi, trekta linayumba huku na huku na mistari ya nyasi inapinda hata ukiwa makini.

Usukani haushiki magurudumu moja kwa moja. Chini ya nguzo yake kuna gia ndogo inayosukuma kipande cha gia chenye umbo la feni. Kipande hicho huvuta fimbo inayofika kwenye mkono wa gurudumu moja, na tairodi huunganisha gurudumu hilo na mwenzake. Kwenye ncha za fimbo kuna boljointi, yaani viungo vyenye kichwa cha duara kinachogeuka ndani ya kikombe, na ekseli fupi za magurudumu huzunguka ndani ya bushi, yaani vipande vya bomba fupi vinavyobadilishwa vikilika. Kila kiungo kikilika kidogo tu, ulegevu wote hujumlishana, na kwa sababu ya uwiano wa gia, mikononi unaonekana mkubwa zaidi.

Ndiyo maana sipendi kuona mtu akikimbilia kununua tairodi kabla hajakagua. Zima injini, chomoa ufunguo, mwombe mwenzako atikise usukani kushoto na kulia taratibu, nawe weka vidole kwenye kila kiungo kuanzia juu. Pale upande mmoja unaposogea na wa pili umetulia, ndipo mwendo unapopotelea. Mara nyingi utakuta tundu la boliti lililokuwa duara limekuwa kama yai, na grisi iliyolizunguka imechanganyika na unga wa chuma.

Gia ya feni itazame kwa uangalifu. Trekta hutembea zaidi kwa kunyooka, kwa hiyo meno ya katikati huisha huku ya pembeni yakibaki kama mapya. Ukiikaza ili kuondoa pleyi ya katikati, usukani unaweza kukwama ukikata kona kali. Gia ya namna hiyo dawa yake ni kubadilishwa.

Bushi ni rahisi: toa ya zamani, safisha, ingiza mpya na upake grisi. Tairodi inayorekebishika ipime urefu kabla hujaifungua, maana ukiibadilisha urefu unabadilisha mkao wa magurudumu na matairi yatalika upande mmoja. Wakati wa kufunga tumia kotapini mpya, ile pini ya kukunja ncha inayozuia nati isifunguke; ya zamani ikishakunjwa na kunyooshwa hukatika kirahisi.