Anga imekuwa safi, mlima bado

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa kikundi changu aliniambia, kidole kikielekea anga ya bluu tupu: "Mwalimu, dhoruba imekwisha tangu jana jioni. Tunangoja nini?" Misimu yote niliyofundisha ski, kuteleza juu ya theluji kwa mbao za miguuni, kwenye Alpi za Uswisi nimeulizwa hivyo, hata na ndugu wanaokuja kunitembelea kutoka Moshi. Safari hii nimeamua kuandika kwa nini maporomoko ya theluji bado ni hatari dhoruba ikishapita.

Lile la kwamba kelele huleta maporomoko nilimalize upesi, maana nalo huja kila mara. Kupiga ukelele hakuangushi bamba la theluji, yaani tabaka lililoshikana linalokatika na kuteleza kwa pamoja. Kinachoangusha ni uzito wa mtu juu ya tabaka dhaifu, na wengi mno wa wanaofukiwa wakiwa kwenye ski waliliangusha wenyewe, au mwenzao aliliangusha. Mteremko wa nyuzi 30 unatosha kabisa.

Sasa dhoruba. Watu huuliza zimeanguka sentimita ngapi, basi. Hawaulizi zilianguka kwa mpangilio gani, na hapo ndipo penye kazi. Dhoruba ikianza na joto karibu na sifuri, theluji ya kwanza huwa na unyevu, ikashikana na ile ya zamani. Baridi ikifuata, nyepesi hukaa juu ya nzito. Hapo napumua kidogo. Ukiugeuza mpangilio huo, unga mkavu unatangulia katika baridi kali, kisha joto linapanda na theluji inaanguka nzito. Ni matofali juu ya pamba. Huko bondeni watu wanafungua vifungo vya makoti na kusifu hali ya hewa, nami saa hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko zote.

Mvua juu ya theluji ni mbaya zaidi. Huko Wellington, jimbo la Washington, Marekani, theluji ilianguka kwa siku nyingi hadi treni mbili zikakwama stesheni. Kisha ikaja mvua na radi. Saa saba usiku, tarehe 1 Machi 1910, ubavu wa mlima uliporomoka, ukazisomba treni hadi korongoni. Walikufa watu 96. Kilichowaua kilianza hali ya hewa ilipobadilika.

Halafu kuna upepo, ambao hauhitaji wingu hata moja. Unakwangua theluji upande mmoja wa ukingo na kuirundika upande wa pili, na kwa saa chache unaweza kujaza mteremko kuliko dhoruba ya usiku kucha. Ukiona kilele kinafuka kama moshi chini ya jua, ujue nyuma yake mzigo unaongezeka. Kijana wangu alikipiga picha kilele cha namna hiyo, akasema kinapendeza.

Nayo ngazi ya 3 ya kipimo cha hatari ya maporomoko! Kwa kuwa kipimo kina ngazi tano, watu huisoma kama alama ya wastani darasani. Tatu maana yake mtu mmoja anaweza kuliangusha bamba. Sehemu kubwa ya vifo hutokea siku za namna hiyo. Ikifika 4 au 5, wengi hubaki nyumbani.

Je, tungoje siku ngapi? Hapa vitabu husema kwa uhakika kuliko mimi. Theluji mpya ikikalia theluji imara, siku mbili tatu mara nyingi hutosha. Ikikalia zile chembe za Desemba zinazomwagika mkononi kama sukari, nimeona wiki tatu zisitoshe. Huwa nachimba shimo, nagonga kwa sepetu, nasoma matabaka. Ninachopata ni habari ya mahali pale nilipochimba. Mita ishirini mbele huenda ni habari nyingine. Nimewahi kukanyaga mteremko niliouamini, nikasikia theluji yote ikishuka kwa mlio mzito chini ya miguu yangu. Haikuteleza. Mpaka leo sijui kwa nini.

Jumamosi ile tulipita msituni, miteremko isiyofika nyuzi 25, vifaa vya redio vya kutafutana vimewashwa, kila mtu na sepetu na fimbo yake ndefu ya kudunga theluji kumtafuta aliyefukiwa. Aliyefukiwa huwa na dakika kama 10 tu za matumaini makubwa; zikipita 30, wengi tumeshawapoteza. Taarifa ya hatari ya maporomoko, inayotolewa na taasisi ya theluji ya Uswisi iliyoko Davos, hutoka saa 11 jioni na tena saa 2 asubuhi. Teremka chini ya ile namba usome maelezo: miteremko ya upande gani, kuanzia mita ngapi, na upepo wa jana ulitoka wapi.