Mabonge ya protini kwenye dawa za kingamwili: hunaswaje kiwandani?

Mabonge haya ni nini, na yana madhara gani?

Dawa za kingamwili, kama zile za saratani, baridi yabisi na pumu kali, ni protini zinazotengenezwa na seli hai. Kila molekuli ina uzito wa takriban kilodaltoni 150 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) na imekunjwa kwa umbo maalumu. Ikikunjuka, sehemu zinazokimbia maji, ambazo hujificha ndani, hutokeza nje na kunatana na za jirani. Kinga ya mgonjwa inaweza kuliona bonge hilo kama adui na kuunda kingamwili dhidi ya dawa yenyewe. Dawa ikapungua nguvu, au mgonjwa akapata mzio.

Hutokea wapi?

Hasa kwenye hatua ambayo haikwepeki. Baada ya kunaswa kwenye protini A, yaani protini inayoshika kingamwili wakati wa kuzisafisha, dawa huachiliwa kwa tindikali, kisha huachwa kwenye pH ya 3.3 hadi 3.8 kwa dakika 30 hadi 60 ili kuua virusi. Tindikali hiyo hiyo hukunjua baadhi ya molekuli. Povu, kugandisha na kuyeyusha, na kukoleza dawa kupita miligramu 100 kwa mililita huongeza tatizo.

Si sampuli hupimwa maabara?

Hupimwa, na ni lazima. Lakini kutenganisha molekuli kwa ukubwa huchukua dakika 10 hadi 30 kwa sampuli moja, na wakati huo mabonge yamekwisha kuchanganyika na dawa safi tangini. Isitoshe, sampuli huzimuliwa ndani ya mtambo wa kupimia, kwa hiyo mabonge yaliyoshikana kilegevu huachana na hayaonekani kwenye majibu.

Kipimo cha papo kwa papo hufanyaje kazi?

Leza hupenya dawa ikiwa bado inapita kwenye mrija, na vihisi hupima mwanga unaotawanyika kwa pembe kadhaa. Kihisi kingine hupima ukolezi kwa urujuanimno wa nanomita 280. Vipimo hivyo viwili vikilinganishwa, hupatikana wastani wa uzito wa molekuli. Dawa safi husoma 150. Asilimia 5 ya protini ikiwa imeshikana mbilimbili, wastani hupanda hadi 157.5. Katika hatua nyingi za usafishaji mabonge hutoka mwishoni, kwenye mkia wa wimbi la protini, kwa hiyo kompyuta hugeuza vali mara tu kikomo kinapovukwa, ili mabonge yasiingie kwenye dawa safi.

Nini huharibu vipimo?

Viputo vya hewa kwanza. Kiputo kimoja hutawanya mwanga kupita mabonge mengi, hivyo weka kitoa hewa kabla ya leza. Pili, kihisi cha urujuanimno kikizidiwa na dawa nzito husoma ukolezi mdogo kuliko uliopo, na uzito huonekana mkubwa bila sababu. Tumia chemba nyembamba. Tatu, umbali hadi kwenye vali. Mrija wenye nusu mililita, kwa kasi ya mililita 2 kwa dakika, ni sekunde 15 za kuchelewa. Zisipohesabiwa, vali hukata mahali pasipo.

Mimi mgonjwa nifanye nini?

Dawa nyingi za aina hii hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Usiigandishe, usiitikise, usiiache juani. Ikiwa na ukungu au chembe ambazo kijikaratasi chake hakikuzitaja, usiidunge. Irudishe kwa mfamasia pamoja na kasha lake, kwa sababu namba ya toleo imeandikwa hapo.