Obadia na Edomu: yanayosemwa sana na kilichoandikwa kweli

Obadia ni kile kitabu cha Biblia ambacho mwalimu wa jumuiya akisema "tufungue Obadia" kila mtu anajifanya anakijua, afu unasikia kurasa zinapekuliwa dakika nzima, mmoja kaibukia Yona mwingine karudi Amosi, mpaka mama mmoja anakunong'oneza kwamba kipo hapohapo katikati ya hao wawili, we umeruka ukurasa tu. Sura moja, mistari 21, basi. Hakuna kifupi kuliko hicho Agano la Kale lote. Kinawasomea hukumu Edomu, taifa la milimani jirani na Yuda. Na kwa ufupi wake watu wanakisoma mbiombio, wanachomoa ule mstari wa 4 wa tai na kioto chake kati ya nyota, kwamba hata ukipanda huko utashushwa, wanaenda kumpigia nao jirani wa kiwanja, bosi, mke mwenza, mwenye duka la ng'ambo ya barabara. Siwacheki jamani, na mimi nimeshaitikia amina kwenye maombi ya hivyo.

Tuanze na vidogo tuvimalize.

Watu wanasema "nabii mdogo" ni nabii wa cheo cha chini, yaani Isaya ni kama askofu afu Obadia ni katekista. Hapana. Udogo ni wa urefu wa kitabu tu. Isaya ana sura 66, Obadia ana moja, na wale 12 wafupi Wayahudi waliwaweka kwenye gombo moja wasije wakapotea.

Wanasema pia huyu ndo yule Obadia wa kwa mfalme Ahabu, aliyewaficha manabii 100 mapangoni, hamsini huku hamsini kule, akawalisha mkate na maji (1 Wafalme 18). Marabi wa zamani kweli waliwaunganisha, kwa hiyo hujalitoa hewani. Ila Obadia maana yake mtumishi wa Bwana, jina la kawaida kabisa kwa Waebrania, kama Abdallah kwa Waarabu, na ukikuta Abdallah wawili Tanga huwezi kusema ni mtu mmoja. Wa Ahabu ni wa karne ya 9 KK. Wa kitabu hiki hatajwi baba, mji wala mfalme wake, lakini mistari ya 11 mpaka 14 inaelezea mji wa Yerusalemu unavyotekwa, wageni wanaingia malangoni, wanaupigia kura, na wasomi wengi wanaona hiyo ni 586 KK Babeli ilipouangusha. Wachache wanairudisha nyuma mpaka enzi za mfalme Yehoramu wa Yuda. Mimi nipo na wengi.

Sasa lile kubwa. "Edomu waliibomoa Yerusalemu ndo maana Mungu akawahukumu." Hili nimelisikia mimbarini kabisa. Soma 2 Wafalme 25, aliyechoma hekalu ni Nebuzaradani, amiri wa Nebukadreza wa Babeli, jina lake lipo. Ezra ya Kigiriki, ambayo haimo kwenye Biblia nyingi za kwetu, ndo inawapa Waedomi huo moto, na labda ndo uvumi ulikopitia. Obadia mwenyewe hasemi hivyo, na anachosema kinauma zaidi: siku ile ulisimama pembeni. Afu anaanza kuhesabu, usingetazama, usingefurahi, usingejitapa, usingeingia langoni, usingetazama tena, usingenyoosha mkono kwenye mali, usingesimama njia panda kuwakata waliotoroka, usingewatoa waliobaki. Nane hizo. Ziangalie zinavyopanda, imeanza na macho tu, mtu kaegemea anaangalia, ikaja kicheko, akaingia kwenye nyumba zilizovunjwa, akabeba, mwisho yupo njia panda anamkamata mtu aliyechomoka na mtoto mgongoni anampeleka kwa Wababeli. Hakuwasha kiberiti hata mara moja. Zaburi ya 137 inakumbuka na sauti yao, walikuwa wanapiga kelele "bomoeni", tena mpaka misingi.

Na kwanini iume hivyo, kwa sababu Edomu si taifa geni. Hapa ndo watu wanapokosea kabisa wanapolichukua andiko kumpigia nalo adui wa mbali. Edomu ni Esau, pacha wa Yakobo, tumbo moja, na mstari wa 10 unasema wazi udhalimu huo katendewa ndugu yako. Babeli kwenye kitabu hiki hata haitajwi kwa jina! Mchoma mji kaitwa "wageni" imeishia hapo, anayesomewa mashtaka ni ndugu. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa muda mrefu, Hesabu 20 inasema Israeli waliomba kupita njia kuu ya mfalme wakaahidi hata maji watalipia, Edomu wakawatokea na jeshi. Na tusiwape Israeli utakatifu wasiokuwa nao, Daudi aliwashinda Edomu akaweka askari kila mahali wakawa watumwa wake. Kila upande ulikuwa na daftari lake la madeni.

Haya, picha ya Petra. Ukitafuta chochote kuhusu Obadia unawekewa lile jengo la waridi lililochongwa kwenye mwamba, wanakwambia hii ndo ngome ya Edomu na hiki ndo kiburi alichokisema nabii. Jengo zuri sana ila ni la Wanabatea, watu wa Kiarabu waliokuja kukaa pale baadaye, na lile maarufu wanasema ni la karne ya 1 BK au jirani yake, yaani kama miaka 600 baada ya Yerusalemu kuanguka. Waedomi walikuwepo eneo hilo kweli, juu ya mlima Umm al-Biyara unaoiangalia Petra kumechimbwa nyumba zao za mawe na mhuri wa mfalme wao Qos-gabri. Ila mji wao mkubwa ulikuwa Bosra, leo panaitwa Busayra, kusini mwa Yordani. Na nchi yenyewe inakuelezea kiburi kilitoka wapi, kule juu ni zaidi ya mita 1,500, afu ukigeuka magharibi unaona bonde linashuka mpaka Bahari ya Chumvi ambayo ipo zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari. Ukikaa pale na maji unayo, shaba unayo kule Faynan, misafara inapita kwako inalipa ushuru, utauliza tu "ni nani atakayenishusha?"

Sasa nani aliwashusha. Wengi wanajibu Wayahudi walirudi wakalipiza, au moto ulishuka kama Sodoma. Mstari wa 7 unasema ni marafiki zake, waliokula mkate wake, ndo watakaomtegea mtego. Edomu alikuwa kaegemea Babeli, si ndio? Basi mnamo 553 KK, miaka kama 33 tu baada ya Yerusalemu, Nabonido mfalme wa Babeli akapita na jeshi kwenda Uarabuni na inaelekea ufalme wa Edomu ndo ukaishia hapo. Kuna mahali panaitwa Sela karibu na Tafila, jina lenyewe maana yake mwamba, jabali limesimama kama ukuta, na juu kabisa kwenye uso wake ambapo mtu akitazama anashika kofia kuna mchongo wa mfalme wa Kibabeli kasimama na fimbo yake, pembeni alama za mwezi, jua na nyota. Nilivyoona picha yake mara ya kwanza nilirudi kusoma mstari wa 4 tena, kioto kati ya nyota, na aliyepanda mpaka hapo juu kuchonga nyota zake ni yuleyule rafiki.

Kwamba walifutika siku moja nalo si kweli. Wengi walihamia magharibi kusini mwa Yuda, na kuhama kwenyewe kulishaanza kabla, maana kuna kigae kimeokotwa Aradi, ngome ya Yuda, chenye barua ya haraka inayoagiza askari wapelekwe Ramothi ya Negebu, Edomu wasije wakaingia. Kule wakaja kuitwa Waidumea, karne ya 2 KK Yohana Hirkano, mtawala wa Wayahudi, akawashinda akawalazimisha watahiriwe wawe Wayahudi, na ukoo wao ndo ukamtoa Herode, yule wa kuua watoto wa Bethlehemu. Wanaojua Mathayo 2 hapo wanatikisa kichwa. Baada ya Yerusalemu kuangushwa na Warumi 70 BK jina lao likayeyuka.

Kwa hiyo zile video za "Edomu ya leo ni taifa fulani" au watu wa rangi fulani, mi nazipita. Marabi waliiita Roma Edomu kama jina la mafumbo, ni kweli, ila hiyo ilikuwa lugha ya watu waliokuwa chini ya Warumi, haikuwa orodha ya damu.

La mwisho ni "Waedomi wote walikuwa wasaliti." Torati yenyewe inasema usimchukie Mwedomi kwani ni ndugu yako, na wajukuu wake waruhusiwe kuingia mkutanoni (Kumbukumbu 23). Na kuna mstari karibu hakuna anayeuhubiri, Yeremia 40:11, mji umeshaungua, na kumbe kuna Wayahudi waliokimbilia Moabu, Amoni na Edomu, ndio, Edomu hiyohiyo, walipokuwa salama mpaka wakasikia kuna mabaki yameachwa Yuda chini ya Gedalia, liwali aliyewekwa na Babeli. Mtu aliwapa pa kulala kule. Wakashuka wakarudi Mispa, wakawahi msimu, wakavuna zabibu na matunda ya kiangazi mengi sana.