Wanaokufa kwa dawa za kulevya New York si vijana tu

Kwa miaka mingi watu wameamini kwamba anayekufa kwa kuzidisha dawa za kulevya ni kijana aliyekuwa akijaribu starehe. Takwimu za jiji la New York zinakataa. Mwaka 2022 na 2023 vifo hivyo vilizidi 3,000 kila mwaka, na kiwango cha juu kabisa kilikuwa kwa watu wa miaka 55 hadi 64. Kilichobadilika ni dawa yenyewe: fentanili, dawa ya kutuliza maumivu yenye nguvu takriban mara 50 ya heroini, huchanganywa katika dawa nyingine za kulevya bila mtumiaji kujua. Ilikutwa katika vifo 8 hivi kati ya 10.

Mwaka 2024 vifo vilishuka sana, jambo la kushukuru. Lakini naloksoni, dawa ya kupulizia puani inayorudisha pumzi, lazima iwafikie watu wazima hawa majumbani, maana huko ndiko wengi hufia.